Siku Injini Ilipochemka na Kukhu Akanena

Kuna harufu moja ambayo ikinifikia, hata nikiwa mezani na sahani ya nyama mbele yangu, mimi huweka kijiko chini. Ni harufu ya maji yaliyochemka ndani ya chuma kikuukuu. Ina kutu kidogo, ina oili kidogo, na ndani yake kuna kitu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wafanyakazi wangu huifukuza kwa kupepea gazeti. Mimi huinama juu ya boneti na kuivuta, na papo hapo ninakuwa na umri wa miaka minane, nimesimama kwenye mlima kati ya Njoro na Elburgon.

Niwaambie kwanza mnasoma maandishi ya nani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nalo la nne sikulimaliza. Lakini ukiwa na gari la kizamani, lile ambalo baba wa babu yako aliliona akashangaa, na limekataa kwenda, uliza mtu yeyote hapa Nakuru. Ataelekeza kidole kwenye gereji yangu. Akielekeza kwingine, ujue ana chuki. Nimeletewa injini kutoka Nairobi zikiwa zimelazwa juu ya nyasi kama wagonjwa, zikarudi zinaimba. Watu wenye digrii zao hukaa hapa kwenye benchi langu wakinisikiliza. Wote huuliza swali lile lile: fundi, mbona gasketi za hedi zinaungua kwa wengine na kwako haziungui? Huwa ninawajibu kwamba ni kipawa. Leo nitasema kweli. Nilifundishwa na watu wawili ambao kwa kawaida hawakuruhusiwa hata kutazamana usoni.

Wa kwanza ni baba yangu. Tulikaa Keringet, kule juu kwenye baridi, katika shamba la mzungu mmoja aliyelima pareto. Asubuhi za Julai nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, zikikatika chini ya nyayo kama biskuti. Baba alikuwa dereva. Gari lenyewe lilikuwa limetengenezwa kabla ya vita, mwili wake wa nyuma ni wa mbao, na lilikuwa limechoka zaidi ya ng'ombe wote wa shamba lile. Mzungu alikuwa amesema wazi: siku injini hiyo itakapokufa, hatakuwa na haja ya dereva. Na nyumba tuliyolala ilikuwa ya dereva. Basi mjue baba alikuwa akitunza nini alipokuwa akitunza lile gari.

Alilipa jina la Mama Mkwe. Mama hakulipenda jina hilo hata kidogo, lakini baba alijitetea kwamba ni heshima tupu. Alisema gari hili humwendei ghafla, humfunui kichwa akiwa na hasira, humwinulii sauti, na huendi kwake mikono mitupu. Kila jioni aliyamwaga maji ya rejeta ili yasigande usiku. Kila asubuhi aliyarudisha yakiwa vuguvugu, na yalikuwa ni maji ya mvua pekee, yale ya pipa lililokaa chini ya mabati. Sisi tulikunywa ya mtoni. Alichukua unyoya wa jogoo akatoa mbegu za nyasi katika matundu ya rejeta, moja moja, kama mtu anayemtoa mtoto chawa. Nati za hedi, kile kichwa cha injini, alizikaza kuanzia katikati akienda nje, huku na huku, hakuzifuata kwa mstari. Alikuwa amezitia alama za chaki, nami nilizijua kabla sijajua kuhesabu vitu vingine. Na kwenye mlima wa kwenda Molo alikuwa na vituo vitatu vya kupumzisha injini, iwe imechoka au haijachoka. Alikuwa akisema, "Usingoje punda aanguke ndipo ushushe mzigo."

Mtu wa pili ni nyanya yangu, mama mzaa mama. Sisi humwita kukhu. Alikaa Bondeni, mtaa wa Nakuru, kwa mjomba, mfanyakazi wa reli. Kukhu alikuwa mkunga, na wanawake wa Bondeni waliogopa kuzaa akiwa safarini. Siku zisizokuwa na watoto alipika vitu vyake nyuma ya nyumba, vitu ambavyo askari hawakutakiwa kuvijua. Nyungu mbili zilikaliana mdomo kwa mdomo, na mahali zilipokutana alipaziba kwa donge la unga na nyuzi za mgomba ili mvuke usitoroke. Nilimwona mara nyingi ameketi karibu na moto, macho amefumba, akisikiliza tu.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawatazamani. Baba akimwona kukhu anakuja kwa njia hii, anashika njia ile, hata kama ile ina matope. Wakilazimika kuambiana jambo, wanatafuta mdomo wa mtu mwingine. Mara nyingi mdomo huo ulikuwa wangu.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba. Kabla yake alikuwa amezika watoto wawili, wote hawakuiona hata siku ya pili. Walilala kando ya uzio, chini ya mawe mawili ambayo mama alikuwa akiyafagia. Safari hii alitaka mama yake awepo. Baba akamwomba mzungu ruhusa: atapeleka magunia ya pareto Nakuru, na akirudi atamleta kukhu. Mzungu akakubali, akarudia lile neno lake kuhusu injini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu moja tu, kuwa mdomo. Lakini asubuhi tulipokuwa tukiondoka nilimkuta mama jikoni amesimama, ameshika nguzo, paji la uso limelowa jasho katika baridi ile. Aliniona. Akaniita karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Mlete mama yangu, Wafula. Usiwaambie wengine, lakini mtoto hayuko mbali."

Neno hilo nilisafiri nalo kama mtu aliyemeza kaa la moto. Sikumwambia baba, kwa kuwa niliambiwa nisiseme. Jirani yetu alikuwa ameahidi kukaa na mama mpaka turudi.

Tulifika Nakuru, magunia yakashushwa, tukaenda Bondeni. Baba aliegesha mbali na mlango, akageuka akatazama ukuta wa nyumba ya jirani. Kukhu akatoka na kikapu chake, akapanda nyuma kupitia mlango wa nyuma, akaketi juu ya gunia tupu. Kati ya kiti cha mbele na sehemu ya nyuma baba alikuwa ametundika blanketi la kijivu. Mimi nilikaa pale pale kwenye mpaka, juu ya mgongo wa kiti, nusu yangu mbele na nusu nyuma, kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Watoto wa Bondeni walinicheka sana. Mimi nilijiona waziri.

Vumbi la Njoro lilituingia mdomoni, kisha likaanza kupungua, na hewa ikaleta harufu ya mitarakwa. Mlima ulipoanza, injini ilibadilisha sauti, ikawa nzito. Kukhu hakuwa amesema neno tangu Bondeni. Sasa alinivuta shati. Niliinamisha sikio nyuma ya blanketi, akaninong'onezea, "Mwambie baba yako chungu chake kinapumua pembeni. Apunguze moto, twende polepole."

Mimi nikamtazama bibi kizee huyu. Gari si chungu. Mimi nilikuwa mtoto wa dereva, nilijua nati zote za hedi kwa namba zake, na yeye hata mlango wa gari alifunguliwa. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa kwanza, kiburi, na ninyi mnaonijua mtasema hakijapona mpaka leo. Lakini nyuma ya kiburi kulikuwa na lile kaa la moto. Nilimwona mama ameshika nguzo. Niliyaona mawe mawili, na kando yake nikaona nafasi ya la tatu. Polepole ya nini?

Nikageuka mbele, nikapaza sauti kuishinda injini.

"Baba! Kukhu anasema twende haraka!"

Baba aliguna. Nilimwona akitazama upande wa kituo chake cha kwanza, mtarakwa mkubwa uliopinda pale kwenye kona. Mguu wake ukasita. Lakini mkwe hakatai neno la mama mkwe. Angeambiwa aruke angeruka, kisha aulize urefu wa shimo. Akaupita mtarakwa. Nikasikia moyo wangu ukifurahi na ukiogopa kwa pamoja.

Baada ya muda kukhu alinivuta tena shati. Aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Alinitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama vile mtu anavyoushika mlango wazi, akingoja aliye nje aamue kuingia. Mimi nikageuza uso. Akaliachia shati langu.

Kituo cha pili tulikipita vilevile. Sasa hata mimi nilisikia: pss, pss, pss, kama mtu anayeita paka chini ya boneti. Halafu ile harufu. Halafu mvuke mweupe ukafunika kioo chote, na baba akalitoa gari pembeni, akazima, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Ndani yake maji yalikuwa yakitokota, na ndege mmoja msituni akaendelea na mambo yake.

Baba alifunga mkono kwa gunia, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kukizungusha nusu, akaruka nyuma, mvuke ukapanda kama mti. Maji yalikuwa karibu yote yameisha. Kando ya barabara palikuwa na kijito kinachotoka msituni, maji yake baridi ya kuuma meno. Baba akachukua debe akaenda kuchota.

Nami nikajua. Baba huyu huyu aliyenifundisha kwamba chuma chenye moto hakimwagiwi maji baridi, kwamba hedi hupinda au hupasuka, na gasketi huachia pale pale, alikuwa anakuja na debe linalodondoka, anatembea upesi, midomo ameikaza. Alikuwa amesikia neno haraka kutoka kwa mtu ambaye hangeweza kumkatalia. Huenda alifikiri kukhu anajua jambo kuhusu mama ambalo yeye hajui. Alilitazama debe, akatazama injini, akalitazama debe. Kisha akaliinua.

Ningeweza kusema. Nilikuwa mdomo, kazi yangu yote ilikuwa kusema. Nililitazama debe likipanda.

"Baba Wafula, weka maji hayo chini."

Sauti ilitoka nyuma yetu, wazi, bila blanketi na bila mimi. Kukhu alikuwa ameshuka. Alisimama barabarani na kikapu chake mkononi, uso ameuelekeza msituni, lakini maneno yalikwenda moja kwa moja kwa mkwe wake. "Chungu cha moto hakinyweshwi maji baridi. Utakipasua."

Baba aliganda, debe likiwa juu. Tangu amwoe mama hakuwa amewahi kusikia sauti ya mwanamke huyu ikimwelekea. Alilishusha debe taratibu kama aliyebeba mtoto. Hakugeuka. Na kwa kuwa hakujua la kufanya na jambo kubwa namna ile, alirudi kwenye njia aliyoizoea. Akasema, "Wafula. Muulize kukhu wako. Si alisema haraka?"

Fikirini hali yangu. Nilitumwa kuupeleka uongo wangu mwenyewe kwa mtu niliyemsingizia. Nikageuka. Hatua zilikuwa nne, nami naona kama zilikuwa kilomita. Nikasema, "Kukhu, baba anauliza kama ulisema haraka."

Alinitazama tena vile vile kama kwenye gari. Nilingoja kofi, nikalitamani kabisa. Kisha akaniwekea kiganja kichwani, kiganja kigumu chenye harufu ya moshi na unga.

"Mwambie ni kweli, nilisema. Mwambie uzee umenichanganya. Sasa nasema polepole."

Nikarudi hatua nne, nikayasema hayo. Baba akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya mtu kwa akili za wazee.

Basi tukangoja. Kukhu akaagiza kiberiti. Baba akakiweka juu ya jiwe, akasogea mbali, naye akaja akakichukua. Alipanga mafiga matatu, akawasha magome makavu ya mtarakwa, akaliteleka debe. Kila mara aliingiza kiwiko cha mkono ndani ya maji. Nilimuuliza kwa nini si kidole. Akasema kidole ni mwongo, kimezoea moto. Maji ya kumwogesha mtoto mchanga hupimwa kwa kiwiko. Upande wa pili baba aliweka kiganja juu ya hedi, akakitoa, akangoja, akakiweka tena, mpaka kiganja kikaweza kukaa. Ndipo akachukua spana, akaanza na nati ya katikati. Mbili zilikuwa zimelegea, upande ule ule kukhu aliposikia chungu kikipumua. Alichomoa kijiti cha oili, akakipeleka kwenye mwanga. Oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ile ilikuwa nyeusi safi. Nilimsikia baba akitoa pumzi ambayo nafikiri aliibana tangu Njoro.

Injini ikawashwa, maji vuguvugu yakamiminwa kidogo kidogo, gasketi ikashika. Tulikwenda mwendo wa harusi. Kwenye kila kituo tulisimama, hata kwenye vingine ambavyo baba hakuwahi kuwa navyo. Elburgon, Molo, kisha mashamba meupe ya pareto, na mimi nikiomba Mungu kimoyomoyo, nikimwahidi vitu nisivyokuwa navyo.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima tulipofika Keringet. Jirani alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Kukhu alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akaingia, akafunga mlango. Baba alichukua unyoya wake wa jogoo akaanza kusafisha rejeta. Haikuwa na hata mbegu moja. Alisafisha tundu baada ya tundu, na nilipokaribia niliona machozi yakidondokea kwenye bampa. Sikuwa nimewahi kuona machozi ya baba. Nikashika tochi yake nikammulikia, ingawa ilikuwa mchana kweupe, naye hakuniuliza kwa nini.

Kilio cha mtoto kilipotoka kilikuwa kikali na chenye hasira. Jirani alituambia baadaye kwamba kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo mara mbili, na kwamba mikono ya kukhu ilikwenda polepole, polepole, wakati wengine wote wakipiga kelele. Kukhu ndiye aliyempa jina, Nangila, jina la mtoto aliyezaliwa njiani. Mama alisema lakini amezaliwa kitandani. Kukhu akasema ninyi hamkuwepo njiani.

Jambo la kuvunja mwiko halikuachwa hivi hivi. Wazee wetu walikutana Bondeni, wakasema aliyeuvuka mpaka ni mama mkwe, basi yeye ndiye atakayetoa kuku wa kusafisha njia. Akatoa jogoo wake mkubwa bila kubisha. Na hadithi ikabaki. Nyumbani kwetu, mtu akisema jambo kisha akaligeuza, anaambiwa hiyo ni haraka ya kukhu. Wajomba waliicheka kila Krismasi. Baba aliicheka kutoka chumba cha pili. Kukhu mwenyewe aliicheka, meno yake machache yakionekana, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikitafuna chapati. Aliichukua mpaka kaburini, hakunikumbusha hata siku moja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kweli alichanganyikiwa, akasahau alichokuwa amesema. Watoto huamini kinachowafaa. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku moja gerejini, nilipokuwa nikimpigia fundi wangu mmoja kelele ashike kitu na injini inanguruma. Watu waliokuwa nje barabarani wakageuka. Ndipo nikakumbuka sauti niliyoitoa siku ile. Niliishinda injini. Kukhu alikuwa nyuma ya blanketi, si nyuma ya mlima. Alisikia kila neno. Aliponiuliza kama nimemwambia baba, hakuwa akiuliza. Alikuwa akinipa nafasi ya kuziba mwenyewe mahali nilipopasua.

Gasketi ni kitu chembamba. Huku moto, huku maji, huku oili, yenyewe imebanwa katikati, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna anayeifikiria. Nimeshika mamia. Kila nikiitoa ya zamani na kuiona imeungua ukingo mmoja, namfikiria mtu aliyekubali kuungua kwa niaba ya mtoto wa miaka minane.

Kwangu gerejini kuna mafiga matatu nyuma, karibu na tangi la maji ya mvua. Wateja huuliza kama tunapika githeri. Tunapasha maji, na kijana asiyepima kwa kiwiko hafanyi kazi kwangu. Nangila huja hapa na gari lake, mwanamke mzima sasa, mwenye haraka ya ajabu, na nikimwambia aliache lipoe hunicheka: usiniletee haraka ya kukhu.

Basi dada yangu, na ninyi wajomba mliobaki, na kila aliyewahi kucheka mezani petu. Kukhu hakuchanganyikiwa. Alisema polepole. Haraka ilikuwa yangu.